Philipp Melanchthon, Mwalimu Aliyevirudia Vitabu Vyake

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Philipp Melanchthon. Wanajua ya kuwa alikuwa rafiki na msaidizi wa Dakta Martin Luther, tena ndiye aliyeliandika Ungamo la Augsburg, linaloshikwa na Makanisa ya Kilutheri hata leo. Lakini pengine hawajui ya kuwa mtu huyu hakuwekewa mikono kuwa mchungaji siku zote za maisha yake. Alikuwa mwalimu. Alipoitwa Wittenberg aliitwa kufundisha lugha ya Kiyunani, na kazi hiyo aliifanya karibu miaka 42, mpaka kufa kwake. Vitabu vya Wayunani wa kale alivisoma akiwa mtoto, akavisoma tena akiwa mtu mzima, akavisoma tena akiwa mzee mwenye huzuni nyingi. Kuna wakati alipomkataa mmoja wa waandishi wale kwa hasira, kisha akamrudia. Twataka kuzisimulia habari zake kwa njia hiyo, maana ndani yake limo jambo limpasalo kila asomaye na kila afundishaye.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Georg Schwartzerdt, alikuwa fundi wa silaha wa mtawala wa nchi. Mwaka 1508, mwezi wa Oktoba, babu yake mzaa mama, aliyemtafutia mwalimu wa kwanza, alifariki. Hazikupita siku nyingi baba yake naye akafariki. Philipp alikuwa na umri wa miaka 11. Akapelekwa mji wa Pforzheim kukaa kwa bibi mmoja wa jamaa yake, ambaye alikuwa dada yake Johannes Reuchlin. Huyu Reuchlin alikuwa mwanachuoni aliyesifiwa sana katika Ujerumani kwa ajili ya kujua Kiyunani na Kiebrania.

Wakati ule waalimu wa Kiyunani walikuwa haba. Katika shule ya Pforzheim Mwalimu Georg Simler aliwafundisha lugha hiyo wanafunzi wachache tu aliowachagua mwenyewe, na Philipp akawa mmoja wao. Reuchlin alipokuja kumtazama aliona jinsi mtoto alivyo mwepesi wa kufahamu, akampa sarufi ya Kiyunani iwe zawadi yake. Tena akambadili jina. Schwartzerdt kwa Kijerumani ni udongo mweusi. Reuchlin akaligeuza kwa Kiyunani likawa Melanchthon, kama ilivyokuwa desturi ya wanachuoni wa siku zile. Basi yatima yule akapata kitabu na jina, na jina hilo ndilo alilozikwa nalo.

Akiwa na miaka 12 aliingia chuo kikuu cha Heidelberg. Huko alimaliza daraja la kwanza, lakini alipotaka daraja la pili akakataliwa kwa sababu ya utoto wake. Akaenda Tübingen, akalipata mwaka 1514. Mwaka 1518 akaitoa sarufi yake mwenyewe ya Kiyunani, iliyopigwa chapa tena na tena kwa miaka mingi. Alikuwa na nia moja kubwa: yeye na rafiki zake wakitoe upya kazi za Aristotle katika Kiyunani chake mwenyewe, maana katika vyuo vikuu watu walimsoma mwenye hekima huyo katika Kilatini kibaya, wakabishana juu ya maneno asiyoyasema kamwe.

Mwaka ule ule mtawala wa Saksonia, Friedrich, akatafuta mwalimu wa Kiyunani kwa chuo chake cha Wittenberg. Reuchlin akamtaja kijana wake, akamwaga kwa maneno ya baraka ambayo Mungu alimwambia Ibrahimu alipomtoa katika nchi yake. Melanchthon akafika Wittenberg mwezi wa Agosti 1518, umri wake miaka 21. Watu walipomwona walivunjika moyo. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye haya, tena ulimi wake ulikwama kidogo katika kusema. Lakini siku chache baadaye akasimama kutoa hotuba yake ya kwanza, akaonyesha ya kuwa elimu imeharibika kwa sababu watu wameyaacha maji ya chemchemi na kunywa katika madimbwi. Inafaa warudi kwenye vitabu vyenyewe, katika lugha zao zenyewe, na Maandiko Matakatifu hali kadhalika. Luther alimsikiliza, na tangu siku hiyo hakuuangalia tena ufupi wake. Ingawa alimzidi umri kwa miaka 13, hakuona aibu kujifunza Kiyunani zaidi kwake.

Masomo ya kwanza aliyoyafundisha Melanchthon yalikuwa mawili: mashairi ya Homer, na Waraka wa Paulo kwa Tito. Mwandishi wa Mataifa na mtume wa Kristo waliwekwa katika darasa moja, na mwalimu mmoja. Wengine waweza kustaajabu. Lakini Melanchthon aliona hivi: Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, asiyeijua lugha hiyo hana budi kuamini kila anachoambiwa na wengine, na lugha haijulikani kwa kuisoma sarufi peke yake, bali kwa kuwasoma wale walioitumia vizuri.

Faida yake ilionekana upesi. Luther alipofichwa katika ngome ya Wartburg, alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Na aliporudi mwaka 1522 aliketi pamoja na Melanchthon wakalipitia neno kwa neno kabla ya kulipiga chapa mwezi wa Septemba.

Walakini katika miaka ile ya kwanza jambo moja liligeuka moyoni mwake. Luther alimchukia Aristotle, kwa kuwa waalimu wa vyuo walikuwa wamemketisha katika Kanisa kama mtume wa kumi na tatu, wakiyapima mambo ya neema na ya dhambi kwa kipimo chake. Melanchthon akashikwa na bidii hiyo hiyo. Ile nia ya kumtoa Aristotle upya akaiacha. Mwaka 1521 alipokitoa kitabu chake kikubwa juu ya mafundisho ya imani, aliyashambulia kwa ukali mafundisho ya wenye hekima. Tena alipoteza kitu kingine kwa ajili ya Wittenberg. Reuchlin alikuwa amemwahidi vitabu vyake vyote, hazina isiyo na mfano. Alipomwita aje kukaa naye Ingolstadt, Melanchthon alikataa kuiacha kazi yake. Reuchlin alikufa mwaka 1522, na vitabu vikaenda kwa watu wa Pforzheim.

Kisha yakaja mambo ambayo hakuyatazamia. Mwisho wa mwaka 1521, Luther akiwa bado mafichoni, walifika Wittenberg watu waliojiita manabii, wakiongozwa na mfuma nguo wa mji wa Zwickau. Walisema Roho husema nao waziwazi, wala hawahitaji vitabu. Hata wengine katika waalimu wa mji wakaanza kufundisha ya kuwa elimu ni bure. Shule ya watoto ikafungwa, wanafunzi wakaenda makwao. Melanchthon alifadhaika, asijue kama roho hizo zatoka kwa Mungu au sivyo, mpaka Luther aliporudi mwezi wa Machi na kuwatuliza watu. Mwaka 1525 vikaja vita vya wakulima, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1527 Melanchthon alitumwa pamoja na wengine kuzikagua sharika za Saksonia, akaona makuhani wasiojua lo lote ila sala chache, na watu waliodhani ya kuwa uhuru wa Injili ni ruhusa ya kufanya watakavyo.

Hapo ndipo alipomrudia Aristotle. Hakurudi kama alivyokuwa kijana wa Tübingen, mwenye kupenda elimu kwa ajili ya uzuri wake. Alirudi kama mtu aliyeona mji ukikosa utaratibu na shule ikifungwa. Mwaka 1529 alitoa maelezo yake juu ya kitabu cha Aristotle cha mwenendo mwema, na mwaka 1530 juu ya kitabu chake cha utawala wa mji. Lakini sasa alijua mpaka wa vitabu hivyo. Alifundisha ya kuwa hekima ya Wayunani ni sehemu ya Sheria ya Mungu, ile iliyoandikwa katika mioyo ya watu wote: yaweza kuwafundisha watu kukaa kwa amani, kuwatii wakubwa, kulea watoto, kuhukumu kwa haki. Msamaha wa dhambi haiujui, wala haiwezi kumpa mtu moyo mpya. Hilo ni neno la Injili peke yake. Mwenye kuvichanganya viwili hivi anaharibu vyote viwili. Mwenye kuvitenga vizuri aweza kumsoma Aristotle bila hofu na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Basi kitabu kilikuwa kile kile; msomaji ndiye aliyebadilika.

Mtu asidhani ya kuwa kazi hiyo ilipendwa na wote. Luther mwenyewe alitaka aache kufundisha sarufi, ajitie katika Maandiko tu, na mwaka 1524 alimwandikia mtawala kwa ajili ya jambo hilo. Melanchthon alishika Maandiko, ila Kiyunani hakukiacha. Wanafunzi nao walitaka masomo yaletayo faida upesi. Alipoeleza hotuba za Demosthenes wakati mmoja, walibaki wanafunzi wanne tu. Alipotangaza kumfundisha Homer bila malipo, alisema kwa mzaha wa uchungu ya kuwa Homer aliombaomba alipokuwa hai, na sasa amekufa bado anaomba, naye haombi fedha ila wasikilizaji. Na kumbe mwalimu huyu alikuwa akijulikana katika Ulaya nzima, na wafalme walimwita aje kwao! Hakuliacha darasa lake kwa sababu ni dogo. Aliwafundisha wale wanne.

Kazi zake kwa Kanisa twajua, basi hatutazieleza kwa urefu. Mwaka 1530 aliliandika Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari Karl V huko Augsburg tarehe 25 Juni, na mwaka uliofuata Utetezi wake. Aliweka taratibu za shule kwa miji mingi, hata wakamwita Mwalimu wa Ujerumani. Nyumbani alikuwa na mkewe Katharina, waliyeoana mwaka 1520, na watoto wanne. Mdogo mmoja, Georg, aliyezaliwa mwaka 1527, alikufa mwaka 1529 kabla hajatimiza miaka miwili, na baba yake alimlilia sana.

Twafikiri juu ya jambo hilo tunapokumbuka kitabu cha kwanza alichokifundisha. Katika mwisho wa shairi la Homer la vita vya Troya, mfalme mzee Priam anakwenda usiku katika kambi ya adui, anapiga magoti mbele ya mtu aliyemwua mwanawe, anambusu mikono, ili apewe maiti akamzike. Kijana wa miaka 21 huweza kuyaeleza maneno hayo bila kukosea hata herufi moja. Baba aliyemzika mtoto huyasoma maneno yale yale, lakini hayasomi kwa macho tu.

Mwaka 1545 Melanchthon aliandika maneno ya kuwahimiza vijana wasome michezo ya huzuni ya Wayunani, ya Sophocles na Euripides. Alisema hakuna kitu kionyeshacho waziwazi zaidi ya kuwa kiburi na tamaa huleta maangamizi, na ya kuwa yuko Mmoja wa milele anayeona na kuhukumu. Watu wa Athene hawakumjua Mungu wa kweli, lakini waliogopa dhuluma. Na Mkristo asiyeogopa dhuluma ana haya gani mbele yao?

Mwaka uliofuata msiba mkubwa ukafika. Tarehe 18 Februari 1546 Luther alifariki huko Eisleben. Habari zilimfikia Melanchthon alipokuwa akifundisha Waraka kwa Warumi, naye akawaambia wanafunzi wake kwa machozi. Baada ya miezi michache vita vikaanza kati ya Kaisari na watawala wa Kilutheri. Chuo kikafungwa. Melanchthon akakimbia na jamaa yake kutoka mji hata mji: Zerbst, Magdeburg, Nordhausen. Mapema mwaka 1547 binti yake Anna, mke wa mtu mmoja mwanachuoni, alifariki mbali huko Königsberg. Wittenberg ukajisalimisha kwa Kaisari. Watu walimwonyesha vyuo vingine vya kukaa kwa salama, lakini alirudi katika mji ule ulioshindwa, akafungua darasa tena.

Ndipo ikaja vita mbaya zaidi, ya ndugu kwa ndugu. Mwaka 1548 Kaisari alitaka Walutheri warudishe desturi nyingi za zamani. Melanchthon alikubali baadhi ya zile alizoona si za lazima kwa wokovu, ili makanisa yasifungwe na wachungaji wasifukuzwe. Wengi waliona ya kuwa amelegea, na katika jambo hilo hatuwezi kusema ya kuwa hakukosa. Kwa tabia alikuwa mwenye kuogopa ugomvi kupita kiasi. Aliyemshambulia kwa ukali kuliko wote alikuwa Matthias Flacius, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake na aliyesaidiwa naye. Ugomvi huo haukuisha mpaka Melanchthon alipokufa.

Katika miaka hiyo ya mwisho alisoma nini? Alisoma Maandiko, kama siku zote. Kila Jumapili asubuhi aliwaeleza Injili kwa Kilatini wanafunzi wageni wasiojua Kijerumani, akitia ndani yake hadithi nyingi za Wayunani. Lakini alivirudia pia vile vitabu vya kale. Mwaka 1549 ilisomwa hotuba yake ya kuwasihi vijana wasikiache Kiyunani. Mwaka 1553 alikitoa upya kitabu chake juu ya roho ya mtu, kilichojengwa juu ya Aristotle, akakisahihisha kwa elimu mpya ya viungo vya mwili iliyoonyeshwa na tabibu Vesalius. Basi hakuwa mtu wa kuwashika watu wa kale kwa upofu. Walipokosa alisema wamekosa. Tena alifundisha habari za dunia tangu mwanzo, akatengeneza upya kitabu cha historia cha Carion, sehemu ya kwanza mwaka 1558 na ya pili mwaka 1560. Kwa kazi hiyo waandishi wa historia wa Kiyunani walikuwa hawana budi kufunguliwa tena: Herodotus, Thucydides, Xenophon. Mtu aliyeona Walutheri wakipigana wao kwa wao, naye anasoma katika Thucydides jinsi Wayunani wa lugha moja walivyoangamizana kwa miaka 27, hahitaji mtu wa kumfasiria.

Mwaka 1557, mwezi wa Oktoba, alikuwa Heidelberg, katika mji wa ujana wake. Rafiki yake mpenzi Joachim Camerarius, mwalimu wa Kiyunani wa Leipzig, alisafiri kumletea habari ya kuwa Katharina amefariki tarehe 11. Camerarius alimwambia wakitembea katika bustani. Melanchthon akatazama juu mbinguni, akamwaga mkewe, akasema ya kuwa atamfuata upesi.

Lakini Mungu alimpa furaha moja kabla ya mwisho. Mwaka 1559 alifika Wittenberg shemasi mmoja kutoka mashariki, jina lake Demetrios, akakaa katika nyumba yake kwa miezi kadhaa. Mwalimu mzee aliuliza habari za Wakristo walio chini ya Waturuki, na mgeni akaeleza. Kwa nusu karne Melanchthon alikuwa amesoma Kiyunani cha wafu. Sasa aliona ya kuwa Kiyunani ni lugha ya ndugu walio hai. Mwaka huo Ungamo la Augsburg lilipigwa chapa kwa Kiyunani huko Basel. Jina lililowekwa juu yake ni la Paul Dolscius, lakini wenye kujua wengi wauona mkono wa Melanchthon ndani yake. Demetrios akapewa Ungamo hilo pamoja na barua ya Melanchthon kwa Patriarki Joasaph wa Konstantinopoli. Jibu halikurudi. Walakini baada ya miaka kama 15 waalimu wa Tübingen walilipeleka tena kwa Patriarki Jeremias, na huyo akajibu. Sarufi aliyopewa mtoto yatima wa Pforzheim ilikuwa imefungua njia mpaka Konstantinopoli.

Mwisho wa mwezi wa Machi 1560 alikwenda Leipzig kuwapima wanafunzi, akashikwa na baridi njiani. Homa haikumwacha. Siku zile aliandika katika karatasi sababu za kutoogopa mauti. Upande mmoja aliandika mambo atakayowekwa huru nayo: dhambi, taabu, na ukali wa wenye kubishana juu ya dini. Upande wa pili aliandika mambo atakayoyapata: atamwona Mungu, atamtazama Mwana wake, na atajifunza siri zile ambazo katika maisha haya hakuweza kuzifahamu. Hata katika kufa alitazamia kuwa mwanafunzi. Mkwewe, tabibu Caspar Peucer, alipomwuliza kama anataka kitu, alijibu ya kuwa hataki kitu ila mbingu. Akafariki jioni ya tarehe 19 Aprili 1560, umri wake miaka 63, wakamzika katika Kanisa la Ngome la Wittenberg, karibu na Luther.

Wasomaji wapendwa, na hasa ninyi waalimu wa sharika, twajua jinsi ilivyo. Mtu husoma kitabu shuleni, akapewa cheti, kisha hukiweka juu ya dari mpaka kikaliwa na mchwa, akisema amekwisha kukisoma. Melanchthon hakusema hivyo hata juu ya vitabu vya watu wa Mataifa. Alivirudia kwa miaka hamsini, na kila mara walimkuta mtu mwingine, kwa kuwa maisha yalikuwa yamemfundisha kusoma. Ikiwa ni hivyo kwa Homer, je, si zaidi kwa Injili uliyoisoma ulipobatizwa? Kifungue tena kitabu ulichokifunga ukiwa kijana. Na ukiona darasani mwako wanafunzi wanne tu, wafundishe wale wanne.